Mlango Uliokataa Kumwona Sotvoldi

Tuwekeane dau kabisa. Mimi naweka sufuria nzima ya pilau, ya nyama ya kondoo na karoti za njano, mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko, kwamba nikimaliza kusimulia hakuna hata mmoja wenu atakayeamini. Sijapoteza dau tangu niache shule, na shule yenyewe niliiacha kwa dau. Mwalimu alisema siwezi kukaa wiki nzima kimya. Nikamwambia naweza, nikaenda kukaa kimya nyumbani, na sikurudi tena.

Mimi ni Mamasoli, kinyozi. Kila kichwa cha maana katika mji wetu, huku bonde la Fargona, kimepita mikononi mwangu, na visivyo vya maana pia, kwa kuwa navyo vinaota nywele. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Sotvoldi, mwoka mikate. Alinieleza mwenyewe akiwa kwenye kiti changu, wembe ukiwa kooni. Mtu hadanganyi wembe ukiwa hapo.

Hilo jina kwanza. Sotvoldi ni "aliyenunuliwa". Mama yake alikuwa akizaa na kuzika, akizaa na kuzika. Alipokuja huyu, wakampitisha dirishani wakampa jirani, jirani akaenda naye, halafu baba yake akamfuata na bakuli la pumba na kumnunua. Mauti yakija kubisha hodi yaambiwe: huyu si damu yetu, huyu tumemnunua tu. Yakaja, yakaambiwa, yakaondoka. Kwa hiyo Sotvoldi aliingia duniani kwa ujanja, na mtu aliyeanza hivyo huona kila kitu kinaweza kupitishwa dirishani.

"Kaka, bei yako ni pumba," nilikuwa namwambia kila asubuhi. "Mbona mikate yako inajidai?"

"Wewe wangekutoa bure," ananijibu, "na jirani angekurudisha kabla ya chakula cha mchana."

Alikuwa mtu mfupi, mpana, hana nyusi. Nyusi ziliungua zamani, maana kazi yake ilikuwa kuingiza nusu ya mwili ndani ya tanuri na kubandika mikate kwenye ukuta wake wa udongo. Na jino moja la mbele hakuwa nalo. Alilivunja kwa kokwa ya aprikoti akionyesha ubabe kwenye harusi ya dada yake. Kumbukeni hilo pengo.

Tanuri lake lilikuwa kwenye kona ya Uwanja wa Hodhi, na nyumba yake nyuma ya tanuri. Katikati ya uwanja, hodhi la maji ya kijani. Kando yake miforsadi iliyoinama kama wazee wanaosikiliza umbea. Mfereji mdogo wa kuleta maji. Na upande wa pili mgahawa wa chai, na mimi na kiti changu na kioo changu kilichopasuka. Hapo ndipo tulipozeekea, tukirushiana maneno mpaka chai inapoa.

Mwanawe mmoja tu, Tursunali, kijana mrefu kupita kiasi kwa baba mfupi hivyo. Nilikuwa namwambia Sotvoldi kwamba huyu naye alinunuliwa, tena kwa bei kubwa. Kila alipovuka uwanja, lile tawi la chini la mforsadi lilimgonga paji la uso, mpaka akajifunza kuinama kidogo kila akipita, hata akiwa anaongea na mtu.

Basi Tursunali akapata kazi Siberia, kujenga maghorofa ya watu. Asubuhi ya kuondoka, mama yake, Hadicha, akamletea mkate wa moto mlangoni. Akauma kipande, akatafuna, akaondoka. Ndivyo tunavyofanya sisi. Aliyeuma anakwenda, na mkate uliobaki unatundikwa ukutani unamngoja. Haliwi na mtu mwingine mkate huo, hautupwi. Unakauka, unakuwa tofali, lakini unamngoja mwenyewe arudi aumalize. Hadicha akautundika kwenye msumari kando ya tanuri, na alama ya meno ya mwanawe ikitazama mlango.

Miaka miwili hivi Tursunali akawa anapiga simu ya nyumbani, ile ya waya. Halafu tukaambiwa uwanja unajengwa upya, tuhame. Sitasema nani alisema, kila mtu alisema kaambiwa na mwingine. Siku ya kuhama ilinyesha. Malori yamesimama, watu wanapiga kelele, kabati la mtu limekwama mlangoni. Sotvoldi akashikilia tu tanuri. Alitaka kuling'oa zima alipeleke kwenye ghorofa, tanuri la baba yake na babu yake. Likapasuka mikononi mwake. Akakaa chini kwenye tope na kulia kama aliyefiwa, na tukamwingiza kwenye lori la mwisho tukimshika makwapa.

Mkate akaukumbuka usiku, yuko kitandani kwenye fleti mpya nyuma ya stesheni. Alfajiri akakimbia uwanjani. Ukuta haukuwepo. Mashine ilikuwa imeshausaga, na vumbi lote limekuwa tope.

Hapo ndipo akafanya la kwake. Hakumwambia mkewe. Alikwenda kwa mwoka mikate mwingine ng'ambo ya mji, akaoka mkate mmoja wa kufanana na ule, akauma mahali palepale, akaukausha juu ya bomba la joto. Akaazima mashine ya kutoboa ukuta, akaupigia msumari, akautundika. Mauti yaliwahi kuamini pumba, mke mmoja ataacha kuamini mkate?

Hadicha akarudi sokoni, akauona. Akautazama mkate, akamtazama yeye, akautazama mkate tena.

"Umeutundika," akasema.

"Nimeutundika."

"Haya, Baba Tursun." Akaenda kuchemsha chai.

Akajiona ameshinda.

Lakini tangu wiki ile mambo yake yakaanza kwenda upande. Simu ya waya ilikufa pamoja na nyumba, na ile namba ya Siberia ikawa inapokewa na sauti ya Kirusi isiyomjua Tursunali yeyote, inakata. Hilo mtu anaweza kulielewa. Mengine ndiyo hayakueleweka. Basi linampita kituoni, amesimama peke yake na mkono ameunyoosha. Anatoa salamu msikitini, watu wanaitikia wakiwa wameshatazama pengine. Kwenye mgahawa tuliohamia wanammiminia chai kila mtu, wanafika kwake, birika linaruka bakuli lake la chai. Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

"Kaka, umepungua thamani mpaka huonekani!"

Naye akacheka, lakini alicheka akijishika kifua, kama anayehakikisha kwamba kipo.

Uwanja mpya ukafunguliwa vuli. Mmeuona. Mawe meupe kutoka ukingo hadi ukingo, yameng'arishwa mpaka ukiinama unaona uso wako. Taa zenye umbo la maua ya tulipu, mabenchi yasiyo na mgongo, na pale zilipokuwa nyumba zetu, jengo refu la vioo lililokunjwakunjwa kama karatasi. Hodhi wamelifukia. Miforsadi wameikata. Mimi wakanipa kibanda nyuma ya jengo, na ninakiri kwamba kioo changu kipya hakijapasuka.

Sotvoldi hakutaka kwenda. Kisha akaenda. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: apaone mahali ulipokuwa ule msumari, auombe radhi ukuta. Alishajiaminisha kwamba mwanawe hatarudi kwa sababu kitu cha kumvuta hakipo. Mkate umesagwa, njia imefutika.

Siku ya kwanza alisimama pembeni akitazama watu wanavuka, na akaona kitu kilichomfanya aketi. Uwanja mtupu, laini, hakuna hata kijiwe. Lakini watu wakifika katikati wanapinda. Wanatoka upande wa posta wamenyooka, wanafika mahali, wanazunguka kitu kisichokuwepo, halafu wananyooka tena. Wazee wetu, sawa, miguu imezoea. Lakini hata wasichana wa chuo, waliokuja mjini juzi kutoka wilaya nyingine, macho yote kwenye simu, nao wanapinda. Mbwa akaja anakimbia. Akapinda.

Sotvoldi akasema, "Mimi sipindi." Akatembea moja kwa moja mpaka katikati, akavuka, akatokea upande wa pili. Alipofika nyumbani akavua viatu, soksi zilikuwa zimelowa mpaka juu ya kifundo. Hakukuwa na mvua siku ile. Zilikuwa na harufu ya maji ya kijani.

"Jasho la uzee," nikamwambia.

"Jasho lina kamba za majani, Mamasoli?" Akanionyesha kipande cha mwani kwenye kisigino.

Basi akaja kwenye jengo la vioo. Mlango wake ni ule unaojifungua wenyewe, una kijicho cheusi juu kinachotazama nani anakuja. Kila mtu akikaribia, vipande viwili vya kioo vinaachana. Sotvoldi akakaribia. Vikatulia. Akarudi nyuma, akaja tena. Vikatulia. Mlinzi, mmoja anaitwa Bahrom, kofia imemzidi kichwa, akaja akipangusa maganda ya mbegu mdomoni.

"Mzee, sogea karibu zaidi."

"Nikisogea zaidi nitakuwa kioo."

Bahrom akapunga mkono, mlango ukafunguka. Sotvoldi akainua mguu, mlango ukajifunga. Bahrom akapunga tena, ukafunguka. Sotvoldi akaingiza bega, ukambana bega.

"Umevaa nini, mzee?"

"Nimevaa baridi."

Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu. Nikawaambia wote waliosimama pale: mlango mbovu. Binamu yangu anafunga milango ya aina hiyo jijini Toshkent, mimi naijua kama ninavyojua visogo. Kile kijicho hakioni watu wafupi. Mtoto wa miaka minne akapita chini ya mkono wangu, mlango ukamfungukia. Nikasema hakioni watu wafupi wazee.

Lakini kuna jambo Sotvoldi hakuniambia siku ile, aliniambia baadaye. Aliposimama mbele ya vile vioo aliona mawingu, aliona tulipu za taa, alimwona Bahrom na mimi na mdomo wangu umefunguka. Akaitafuta kofia yake. Hakuiona. Akasogea kushoto, akasogea kulia. Akajiambia ni pembe ya jua. Akaenda zake nyumbani, na usiku hakuupa mgongo ukuta wenye mkate.

Sasa ile siku yenyewe. Kipupwe, mchana mweupe, ukungu umeshuka mpaka kwenye tulipu na theluji nyembamba inaanguka bila upepo. Sotvoldi alivaa joho lake zito la pamba akatoka bila kuaga. Uwanjani lilikuwa limekuja kundi la harusi kupigwa picha, bibi harusi anatetemeka, matarumbeta yanalia, mashangazi wanakata viuno kwenye theluji. Kundi likaingia kwenye jengo kujipasha moto. Sotvoldi akajipenyeza katikati ya shangazi wawili wanene. Mlango ukawafungukia wao, naye akapita.

Ndani maduka mengi hayajapata wapangaji. Vyumba vya vioo vitupu, mwanga mweupe, nyayo zinarudi sikioni. Hakuhitaji kupima. Pua ilimpeleka. Majivu, hamira, kitunguu kilichoungua kwenye ukingo wa mkate. Alifika kwenye nguzo moja ya zege karibu na ukuta wa vioo unaotazama uwanja, na sakafu pale ilikuwa vuguvugu, mviringo mmoja tu, upana wa mdomo wa tanuri. Nje ya mviringo, baridi. Akavua kofia.

"Nisamehe, mwanangu," akaiambia nguzo. "Nilikumbuka udongo, nikakusahau wewe."

Alipogeuka, harusi ilikuwa imeshaondoka. Akaenda mlangoni. Mlango ukatulia. Akapunga mkono mbele ya kile kijicho, akapunga kofia, akaruka kidogo, mzee mzima. Bahrom alikuwa nje, mgongo kwenye kioo, anatema maganda. Sotvoldi akagonga. Akagonga kwa ngumi. Bahrom akajikuna sikio.

Kisha akaja mama wa usafi na fagio lake la kupigia deki. Sotvoldi akasema, "Dada, nifungulie." Mama yule akaendelea, anaimba kidogo puani, deki inakuja na kurudi, inakuja na kurudi. Ikafika kwenye viatu vya Sotvoldi. Hakuinua uso. Deki ikapinda. Ikazunguka kiatu kimoja, ikazunguka cha pili, ikanyooka upande wa pili, na mama akapita anaimba.

Akatazama chini. Sakafu yote imelowa na kung'aa, isipokuwa mahali pake aliposimama. Alizungukwa kama hodhi.

Hapo ndipo alipoogopa. Alirudi kwenye ukuta wa vioo, akaweka viganja, akatazama nje apate mtu yeyote, hata mimi.

Akaona mtu anatoka kwenye ukungu, upande wa posta. Mrefu, begi begani. Anatembea kama anayekwenda kwake. Mahali pasipo na kitu akaruka hatua, kama anavuka mfereji. Akafika katikati, akapinda na kulizunguka hodhi. Na alipofika upande wa pili, pale penye hewa tupu, akainamisha kichwa.

"Tursun!" Sotvoldi akapiga kioo. "Tursunali! Baba yako niko hapa!"

Kijana akaja moja kwa moja mpaka kwenye kioo. Wakawa pua kwa pua, na unene wa kidole tu katikati. Amekonda, ndevu zimetoka vibaya. Akainua mkono akagusa kioo juu kidogo, palepale penye urefu wa msumari, akauacha hapo. Macho yalikuwa yakimtazama baba yake na hayamwoni. Pumzi yake ilifanya ukungu kwenye kioo. Halafu akapangusa theluji kwenye nyusi, akijitazama, kama mtu mbele ya kioo cha kinyozi, akageuka. Akamwuliza Bahrom kitu. Bahrom akatikisa kichwa. Kijana akaenda kuketi kwenye benchi lisilo na mgongo, begi miguuni, kisogo kimeelekea jengo, theluji inamwangukia mabegani.

Sotvoldi alipiga kioo mpaka mikono ikavimba. Kisha akakumbuka simu mfukoni.

"Mama Tursun!"

"Umeshafika?" Sauti ya Hadicha ilikuwa tulivu, imejiandaa.

"Nimefika wapi?"

"Siberia. Au bado uko njiani? Mbona nasikia kama uko ndani ya mtungi?"

"Nani kakwambia nakwenda Siberia?"

"Mkate wako." Akashusha pumzi. "Mwanamume, nimekupikia tangu nikiwa na nywele nyeusi, unadhani silijui pengo lako? Nilipouona ukutani nikasema, amekata shauri kwenda kumtafuta mwanawe, na hataki kunitia hofu. Nikanyamaza. Nikangoja uondoke. Leo umevaa joho zito hukuaga, nikasema haya, ndiyo leo."

Akamwambia basi. Yote, pale pale, paji la uso limegusa kioo na macho hayatoki kwenye kisogo cha mwanawe: msumari, ukuta uliosagwa, mkate wa uongo.

"Wewe una kichwa cha pumba kweli," Hadicha akasema. "Mkate wa Tursun uko kwenye sanduku langu. Niliutoa ukutani kabla ya kijiko cha kwanza cha mashine, nikapanda nao lori kifuani. Ningeuacha mimi mkate wa mwanangu?"

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza? Nilingoja uulize. Nikaona wa kwako umeshatundikwa, nikasema ngoja huyu arudi, halafu nitatoa wa yule." Kisha sauti ikabadilika. "Baba Tursun. Uliuma ukautundika. Mtu akifanya hivyo ni msafiri, hata kama amekaa jikoni kwake. Mimi mwenyewe siku hizi nimekuwa nikiweka bakuli moja la chai, nashangaa kwa nini. Uko wapi?"

"Niko penye tanuri. Na Tursun yuko nje kwenye benchi, Mama Tursun, yupo, simuoti! Chukua mikate yote miwili, panda teksi, kimbia. Akisimama tu, tumempoteza."

Aliyoyaona akisubiri, hayo hakunisimulia hata kwa wembe. Alisema tu kwamba mara mbili kijana alishika mkanda wa begi, na mara mbili akauachia.

Hadicha alifika mbio, viatu vya ndani miguuni, mtandio umedondokea mgongoni. Hakuita. Alilizunguka hodhi, akaja mbele ya benchi, akafungua kitambaa, akamnyooshea mwanawe mkate. Tursunali aliutazama kama anayesoma jina lake. Akainama akauma palepale penye meno yake ya zamani, halafu akaanguka mikononi mwa mama yake, na wote wawili wakatikisika, na Sotvoldi nyuma ya kioo akatikisika nao.

Yaliyompata kijana ni ya kawaida, nitayasema haraka. Simu iliibwa, namba ya nyumbani ikawa inalia bila kupokelewa, akarudi kwa treni, akakuta jiwe jeupe. Alimwuliza Bahrom nyumba ya mwoka mikate iko wapi. Bahrom, ambaye kwao ni wilaya nyingine, akamwambia hapa hapajawahi kuwa na nyumba. Alikuwa anangoja treni ya jioni arudi Siberia. Angezunguka tu nyuma ya jengo angenikuta mimi, mtu anayejulikana na mji mzima, lakini vijana hawana utulivu.

"Baba yuko wapi?" akauliza.

Hadicha akaweka simu sikioni. "Uko wapi?"

"Mbele yenu. Nimeshika kioo."

Wakaja. Wakatazama. Wakajiona wao wawili, theluji, tulipu za taa. Tursunali akaweka viganja pande zote mbili za macho achungulie ndani, akaona nguzo na sakafu inayong'aa. Hadicha hakuchungulia. Alikwenda mlangoni, ukamfungukia, akaingia, akafuata harufu mpaka akasimama kwenye mviringo wa joto. Macho yake yakatembea juu ya uso wa mumewe yasikae. Akatoa mkate wa pili, wenye pengo katikati ya meno, akaunyoosha mbele kwa mikono miwili, kwenye hewa.

"Baba Tursun," akasema, "popote ulipo, umefika. Kula."

Akala. Mkate ulikuwa mgumu kama kizingiti, na meno hana ya kutosha. Alibana ukingo kwenye magego akavunja. Kile kishindo cha kuvunjika, Hadicha anasema, kilikuja kwanza, peke yake, kabla ya mdomo. Kisha ukaja mdomo. Kisha joho, kofia mkononi, na mzee asiye na nyusi akitoka machozi na makombo.

"Hee!" Bahrom akageuka kule nje na maganda yakamdondoka. "Mzee! Wewe umeingilia wapi?"

Na mlango ukafunguka. Hakuna aliyekuwa karibu nao. Vile vipande viwili viliachana polepole, vikakaa wazi, theluji ikaingia ndani kidogo, vikangoja mpaka Sotvoldi alipotembea kutoka kule kwenye nguzo, akavuka, akashikwa na mwanawe. Ndipo vikajifunga.

Mkate uliobaki aliumaliza nyumbani, akiuchovya kwenye chai, Hadicha amesimama juu yake mpaka kombo la mwisho. Ukuta sasa hauna kitu, msumari tu. Amejenga tanuri lingine kwenye ua nyuma ya maghorofa, Tursunali anamchekechea unga, na mikate ina majivuno yaleyale. Uwanjani watu bado wanapinda, mkipita tazameni miguu yenu. Basi la asubuhi linamsimamia, wakati mwingine hata asipolitaka. Na mgahawani ananidai maneno yote niliyomtupia alipokuwa haonekani, ananirudishia moja moja.

Haya, pilau yangu iko wapi? Naziona nyuso zenu, hakuna aliyeamini.

Ila kitu kimoja nilikosea. Niliuambia mji mzima kwamba ule mlango ni mbovu, tena nikaapa kwa jina la binamu yangu. Masika fundi akaja kuukagua, akaufungua wote mbele yangu, akapima waya na kile kijicho. Mlango ulikuwa mzima tangu siku ulipofungwa.